SOMO: Kulisha kundi dogo la nyuki bila kualika wezi

Naliweka hapa mara moja, nikiulizwa tena nitaelekeza huku. Wezi ni nyuki wa mizinga mingine wanaokuja kuiba chakula. Ni kwa kundi changa au lililogawanywa, lenye masega matatu hadi matano, maua yakiwa yameisha. Kundi kubwa lenye asali yake liacheni.

1. Sukari nyeupe kilo 1, maji lita 1. Chemsha maji, epua, ndipo utie sukari. Utapata kama lita 1.6. Sukari iliyoungua ni sumu kwao, na sukari guru huwaharisha.

2. Acha ipoe.

3. Punguza mlango KABLA ya kulisha. Ubaki upana wa nyuki wawili, nyufa ziba kwa udongo.

4. Chombo. Hapa ndipo wengi huharibu. Kopo la kupindua, mfuniko una vitundu vitano au sita vya milimita 1. Kulijaribu, lipindulie kwenye ndoo, mbali na mizinga: litadondosha kidogo kisha likate. Lisipokata ndani ya dakika moja, mfuniko haubani au vitundu ni vikubwa. Hatari iliyojificha ni kopo lililobaki nusu. Jua likipanda, hewa iliyomo hutanuka na kusukuma maji ya sukari nje. Kufika saa nane mchana yanachuruzika hadi mlangoni na mizinga jirani yote imeshanusa. Kwa hiyo tumia kopo dogo, kama mililita 300, lijae pomoni jioni na liwe tupu asubuhi. Likae ndani, mwisho ulio mbali na mlango. Kwenye mzinga wa viunzi (vipande vya mbao vinavyobeba masega), nyuma ya ubao wa kugawia ulioachwa upenyo chini. USIWEKE CHAKULA NJE.

5. Lisha jua likizama, mizinga yote dhaifu siku moja. Tone likianguka, osha. Moshi kidogo tu. Ukizidi, nyuki walinzi wa mlangoni hawanusi harufu ya hatari.

6. Kilichobaki asubuhi kitoe, kitachacha. Maua yakianza, acha kulisha, la sivyo utavuna sukari na kuiita asali.

MASWALI

mfugaji_mpya: Nikiweka beseni moja katikati wanywe wote?

Jibu: Hatua ya 4, herufi kubwa.

mfugaji_mpya: Mbona jirani anafanya na hapati shida?

Jibu: Mizinga yake mikubwa ndiyo inayoshiba. Beseni likikauka, wanageukia mzinga mdogo.

Mama Alizeti: Mchana nyuki hujaa mbele ya mzinga. Nitajuaje ni wezi au ni wachanga wanaojifunza kuruka?

Jibu: Swali zuri, dada. Wachanga huelea wakiutazama mzinga, kwa utulivu, na baada ya dakika 20 hivi wametawanyika. Wezi huyumba huku na huku, hunusa nyufa na pembe, hupigana mlangoni, na hawaachi mpaka giza. Angalia pia sakafu: chengachenga za nta ni vifuniko vya masega yaliyotoboliwa. Ukikuta hivyo, usifungue mzinga. Bana mlango upitishe nyuki mmoja, funika mzinga kwa shuka lililolowa likining'inia hadi chini, ondoa shuka usiku. Wakirudi kesho yake, hamisha kundi kilomita kadhaa, maana nyuki wetu wakisumbuliwa sana huhama wenyewe.

kijiji_cha_nta: Nitie mchaichai wavutike?

Jibu: Utawavutia wezi. Mchaichai paka kwenye mzinga mtupu unaongoja kundi, huko unafaa sana.

mfugaji_mpya: Na asali ya dukani badala ya sukari?

Jibu: Hapana. Inanukia mbali, na yaweza kubeba ugonjwa wa majana, yaani watoto wa nyuki.

Fundi Mizinga: Niongeze la sisimizi. Miguu ya stendi isimame kwenye makopo yenye oili chafu, na fyeka majani yanayogusa mzinga, ndiyo daraja lao.

Jibu: Kweli kabisa. Makopo yafunikwe juu, nyuki wasizame. Mizinga ya kuning'iniza, paka grisi kwenye waya.