Somo: Namna ya kupanga filamu za kutisha za John Carpenter, na majibu ya maswali yenu

Wakuu, habari za baridi. Mabishano kuhusu John Carpenter kwenye kikundi chetu hapa Mbeya yanakwama palepale kila mara: mtu anataja filamu iliyomwaga damu nyingi na kuiweka namba moja. Kwa waongozaji wengine kipimo hicho kinafaa. Kwa Carpenter kinapotosha, kwa sababu ufundi wake mkubwa uko kwenye kusubirisha. Anakuonyesha mahali, anakuacha upazoee, kisha palepale ulipopazoea anaweka kitu ambacho hakikuwepo. Nitaeleza namna ninavyozipanga filamu zake kwa kipimo hicho, hatua kwa hatua, ili hata mtakaonipinga tubishane juu ya jambo moja.

Hatua ya kwanza: chagua zinazoingia

Carpenter alizaliwa mwaka 1948 huko Marekani, akakulia mji wa Bowling Green, Kentucky. Si kila alichotengeneza ni cha kutisha. Assault on Precinct 13 (1976), Escape from New York (1981), Starman (1984) na Big Trouble in Little China (1986) ziwekeni kando, hata kama mnazipenda. Kazi za televisheni nazo nimeziacha. Zinabaki kumi na moja: Halloween, The Fog, The Thing, Christine, Prince of Darkness, They Live, In the Mouth of Madness, Village of the Damned, Vampires, Ghosts of Mars na The Ward. Kuna watakaosema They Live si ya kutisha. Kwangu inaingia, ila wakiitoa sitawagombeza.

Hatua ya pili: rekebisha skrini kabla ya kuwasha

Hapa naomba mnisikilize sana. Karibu filamu zake zote alizipiga kwa picha pana, ambayo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa kwenda juu. Ukiiweka kwenye runinga ya kawaida utaona mistari myeusi juu na chini. Kwenye vibanda vyetu vya kuonyesha filamu watu wakiona mistari hiyo hupiga kelele: "Jaza skrini!" Mwenye kibanda anabonyeza rimoti, picha inavutwa, na pande mbili za kulia na kushoto zinakatwa.

Kwenye Halloween, huko pembeni ndiko muuaji anakosimama. Laurie, msichana anayewindwa, yuko upande mmoja wa fremu, ameegemea ukuta, analia, anadhani yamekwisha. Upande wa pili kuna mlango wa chumba chenye giza. Taratibu, kwa taa iliyoongezwa kidogo kidogo, uso mweupe unaanza kujitokeza ndani ya giza lile. Hautokei ghafla. Wewe mtazamaji unauona kabla ya Laurie na huna la kumwambia. Ukikata pembe za picha, umemfuta muuaji kwenye filamu yake mwenyewe. Acheni mistari myeusi ibaki.

Sauti nayo ipite kwenye spika inayotoa besi. Muziki mwingi alitunga mwenyewe kwa sinthesaiza (kinanda cha umeme), na noti moja nzito inayorudiwa ndiyo inayofanya nusu ya kazi.

Hatua ya tatu: kubalianeni na mtafsiri

Tafsiri ya kuongea juu ya filamu ni sehemu ya utamaduni wetu na sitaki iondoke. Lakini Carpenter anahitaji mtafsiri anayejua kunyamaza. Aeleze maneno ya wahusika, basi. Asijaze ukimya kwa hadithi, na asimwite Michael Myers, muuaji wa Halloween, "jamaa yetu" wakati watu wanatakiwa kusikia pumzi yake ndani ya barakoa.

The Thing ina mtego wa peke yake. Mwanzoni helikopta inamfukuza mbwa kwenye theluji, na Mnorwei mmoja anapiga kelele kwa lugha yake. Anachosema ni onyo: huyu si mbwa. Wamarekani walioko pale hawamwelewi, na filamu nzima inatokana na kutoelewa huko. Mtafsiri akijua maana yake aifiche mpaka mwisho.

Hatua ya nne: panga ratiba

Anzeni na The Fog, ni nyepesi na inafundisha kusubiri. Kisha Halloween. Katikati wekeni Christine na Prince of Darkness. The Thing iacheni hadi Juni au Julai, usiku, wakati Uyole na Njombe watu wanatembea na makoti mazito. Haina maana kuitazama saa nane mchana chini ya bati la moto. Filamu moja kwa usiku mmoja inatosha, kwa sababu mazungumzo ya baada yake yanahitaji muda.

Hatua ya tano: toa alama

Najiuliza mambo mawili tu. Kwanza, filamu ikiisha, naweza kuchora kwa kidole mezani mahali ilipotokea: mlango uko wapi, ngazi iko wapi, nani alikuwa chumba gani? Kama siwezi, mwongozaji hakunijengea mahali, na hofu yake ilikuwa ya kelele tu. Pili, nilichosubirishwa kililingana na nilivyosubiri?

Hatua ya sita: mpangilio wangu

1. The Thing (1982). Wanaume kumi na wawili kwenye kituo cha utafiti Antaktika, na kiumbe anayeweza kuiga mwili wa yeyote anayemgusa. Wengi wanakumbuka maajabu ya Rob Bottin, fundi wa viumbe bandia, aliyeyatengeneza akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu: kifua kinachofunguka kama kinywa, kichwa kinachoota miguu. Ni kazi kubwa kweli. Lakini angalieni kipimo cha damu. Watu wamefungwa kamba kwenye kochi. MacReady, rubani aliyeshika uongozi, anachovya waya wa shaba uliopashwa moto kwenye vijisahani vya damu, kimoja baada ya kingine, kwa sababu damu ya kiumbe itajitetea yenyewe. Ya mwenzao aitwaye Windows inatoa mvuke tu. Yake pia. Ya Copper pia. Inafika ya Clark, ambaye MacReady alishampiga risasi na kumuua, nayo inaonyesha alikuwa mtu safi. Hapo unajua kiongozi wenu ameua binadamu asiye na hatia, na bado kiumbe hajapatikana. Wakati watu wanabishana juu ya hilo, waya unaingia kwenye sahani inayofuata, na damu inaruka. Hakuna filamu ya kutisha niliyowahi kuona yenye dakika zilizopangwa vizuri kuliko hizi.

2. Halloween (1978). Ilitengenezwa kwa takriban dola 300,000 na kuingiza dola milioni 70 hivi duniani. Barakoa ilinunuliwa dukani kwa chini ya dola mbili. Ilikuwa na sura ya Captain Kirk wa Star Trek, yaani mwigizaji William Shatner. Tommy Lee Wallace, msanifu wa mandhari wa filamu hiyo, akaipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho, ikabaki sura isiyo na mtu ndani. Hadithi ni ya Oktoba katika jimbo la Illinois, lakini walipiga picha California majira ya machipuko, ndiyo maana majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa, kisha yakaokotwa yatumike tena. Muziki wake upigeni mezani kwa vidole: ni mapigo matano, mpigo ambao baba yake Carpenter, mwalimu wa muziki, alimfundisha utotoni kwa ngoma za bongo. Sikio linasubiri mapigo manne, la tano linakuja na kukukosesha utulivu. Inakuwa ya pili kwa sababu moja tu: mara ya tatu au ya nne ukiitazama, wahusika wanaokufa wanachosha kidogo. Wa The Thing hawachoshi.

3. In the Mouth of Madness (1994). Sam Neill ni mpelelezi wa bima anayemtafuta mwandishi wa vitabu vya kutisha aliyepotea. Mwendesha baiskeli anayepitwa na gari usiku, kisha akapitwa tena akiwa amezeeka, ni Carpenter katika ubora wake.

4. The Fog (1980). Nitaijibia chini, maana najua watu wa Tukuyu wameshakasirika.

5. Prince of Darkness (1987). Kimiminika cha kijani kinachozunguka ndani ya chombo cha kioo chini ya kanisa Los Angeles, na wanafunzi wa sayansi wanaoota wote ndoto moja. Nusu ya kwanza ina maelezo mengi, ila ndoto yenyewe inaganda kichwani.

6. They Live (1988). Mcheza mieleka Roddy Piper anavaa miwani na kuona mabango ya biashara yalivyo kweli: amri za kutii. Ina akili na ina hasira dhidi ya matajiri wa Marekani ya wakati ule. Haitishi sana, ndiyo maana iko hapa.

7. Christine (1983). Gari jekundu, Plymouth Fury ya 1958, linalojinyoosha lenyewe baada ya kupondwa. Walilivuta bodi kwa ndani kwa mitambo kisha wakairudisha picha kinyumenyume. Gari ni zuri kuliko hadithi.

Vampires (1998) ina dakika ishirini nzuri za mwanzo. Village of the Damned (1995), The Ward (2010) na Ghosts of Mars (2001) zifuate kwa mpangilio huo. Sizirudii.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tukuyu: Mkuu, The Fog ya nne? Huku kwetu ukungu unaingia hadi sebuleni. Ile filamu tuliitazama watu wanaogopa kwenda chooni nje. Iwe ya kwanza.*

Nakuelewa kabisa, na ukitaka kuionyesha Tukuyu au kwenye mashamba ya chai Mufindi, ionyesheni ukungu ukiwa nje dirishani. Mtangazaji wa redio aliye juu ya mnara wa taa, anayewaelekeza watu wakimbilie wapi kwa sababu yeye peke yake anaona ukungu unakoelekea, ni wazo zuri kuliko mengi ya Carpenter. Na kosa la mji lipo wazi: mwaka 1880 waasisi wake walizamisha kwa makusudi meli ya wagonjwa wa ukoma ili wachukue dhahabu. Shida yangu ni mizuka yenyewe. Carpenter hakuridhika na toleo la kwanza akaongeza matukio mapya ya kutisha, na mshono unaonekana. Ukungu unasubirisha vizuri. Kinachotoka ndani yake ni watu wenye ndoano. Kwa swali langu la pili, hapo alama zinapungua.

*Mwanachama wa Iringa: Kamwene mkuu. Halloween ya pili, ya tatu na ile ya 2018, mbona hujaziweka?*

Kamwene. Hakuziongoza. Ya pili (1981) aliiandika pamoja na Debra Hill, mshirika wake wa ile ya kwanza, lakini mwongozaji ni Rick Rosenthal. Ya tatu (1982) ni ya Tommy Lee Wallace, yule wa barakoa. Ya 2018 ni ya David Gordon Green. Carpenter alishiriki kutunga muziki. Kwenye makasha ya filamu jina lake huandikwa kubwa, hivyo someni nani ameongoza kabla ya kubeba.

*Mwanachama wa Makambako: Samahani, mimi ni mzee wa kanisa. Prince of Darkness nitaionyesha kwa vijana wangu?*

Mzee wangu, itazame kwanza peke yako. Haikejeli sala, na padri anayechezwa na Donald Pleasence ni mtu anayeteseka kweli kwa imani yake. Lakini inageuza habari ya shetani kuwa jambo la fizikia, na inasema kanisa lilificha siri kwa karne nyingi. Kijana wa kidato cha pili anaweza kutoka na maswali, na ni haki yake kupata mtu wa kumjibu. Kama hutakuwepo kujibu, usiionyeshe.

*Mwanachama wa Mafinga: Kama The Thing ni bora hivyo, mbona nasikia ilianguka sokoni?*

Ilianguka kweli. Iligharimu takriban dola milioni 15 na kwenye kumbi za Marekani ikaingiza karibu 20, kiasi ambacho hakiridhishi studio. Ilitoka 25 Juni 1982, siku moja na filamu ya Blade Runner, wiki mbili baada ya filamu ya E.T., wakati watu wamependa kiumbe mpole wa anga. Wahakiki waliiita uchafu. Hata muziki wa Ennio Morricone ulitajwa kwenye tuzo za kazi mbovu za mwaka. Carpenter akapoteza kazi ya kuongoza filamu ya Firestarter. Iliokolewa na kanda za video na televisheni, watu walipoitazama nyumbani na kuirudia. Filamu ya kutoaminiana inahitaji kurudiwa. Mara ya kwanza unamtazama kiumbe, mara ya pili unatazama nani alitoka chumbani na nani.

*Mwanachama wa Uyole: Mwisho wa The Thing, MacReady na Childs, nani kiumbe?*

Kwa wasioijua: mwishoni wanabaki hawa wawili tu, wamekaa kwenye theluji, na MacReady anampa Childs chupa. Hoja ya kwamba Childs ni kiumbe kwa sababu hatoi mvuke wa pumzi haisimami. Bennings, mwenzao mwingine, alipokuwa tayari ni kiumbe, nje kwenye theluji, mvuke ulionekana. Hoja ya kwamba chupa aliyopewa ilikuwa na petroli haina kitu chochote kwenye filamu kinachoiunga mkono. Msimamo wangu ni kwamba wote wawili ni watu, na wataganda pale bila kujua. Childs alipotea kwa muda akiwa peke yake, hilo ndilo la kubishania kweli. Mwenye ushahidi aje nao Jumamosi, tutairudia sehemu hiyo kuanzia anapoondoka mlangoni.