Unataka kuajiri mtu mwenye ulemavu hapa Mtwara? Shika tepu ya kupimia kwanza, tangazo litafuata

Mi kazi yangu ni kuwatafutia ajira watu wenye ulemavu, Mtwara mjini mpaka Masasi, na mabosi wengi wananipigia nimletee mtu wakati hata mlango wao wa choo hawajui una upana gani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 wanaijua kidogo, ile ya kwamba ukiwa na wafanyakazi kuanzia 20 basi asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Haya, twende.

Hatua ya 1. Pima njia yote, pale bajaji inapomshusha mfanyakazi, geti, meza ya kazi, alafu choo. Choo ndo kinawatoa watu kazini kimya kimya, mtu anakaa kutwa bila kunywa maji na joto hili letu ili tu asiende, anaanza kuumwa, anaacha, alafu mnasema hawa watu hawadumu. Uwazi wa mlango usipungue sentimita 80, 90 ndo raha, na ufungukie nje.

Hatua ya 2. Rampu. Kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu, yani kingazi kimoja cha sentimita 15 ni rampu ya mita 1.8. Fundi atakwambia mita moja inatosha, mkatalie. Na asipige niru, ile saruji laini ya kung'arisha juu, mvua ikinyesha ni utelezi, apitishe ufagio wakati saruji bado mbichi ibaki na mikwaruzo.

Hatua ya 3. Ichambue kazi yenyewe, usiseme tu "kazi za korosho". Kuchambua korosho kwa madaraja ya ubora ni kazi ya kukaa, mwenye kitimwendo anaimudu vizuri tu, ila chini ya meza kuwe na nafasi ya magoti, kama sentimita 70 hivi. Ila aliyepoteza hisia mikononi, mfano aliyewahi kuugua ukoma, msimweke kwenye kubangua, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na yeye hatasikia mpaka aone kidonda. Mwenye ualbino msimpe kuanika juani, na karatasi zake chapeni kwa herufi kubwa.

Hatua ya 4. Tangazo. Ile tabia ya kurusha bango la picha kwenye grupu la WhatsApp bila maneno yoyote inamwacha nje asiyeona, TalkBack yake, ile sauti ya simu inayomsomea maandishi, mara nyingi itamwambia tu hapa kuna picha. Andika maelezo yote kama meseji ya kawaida, na kwenye namba useme meseji zinapokelewa, kiziwi atakupigiaje?

Hatua ya 5. Usaili. Muulize mwenyewe, sio shangazi aliyemsindikiza, hii kazi utaifanyaje na unahitaji nini. Kwa kiziwi tafuta mkalimani wa lugha ya alama mapema, CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, watakuelekeza, na kengele ya hatari iwe na taa inayowaka.

Hatua ya 6. Malipo. Kama wenzake wanalipwa kwa kilo na yeye iwe hivyo hivyo, ila mzigo apelekewe mezani na awepo mtu wa kazi hiyo, maana akikaa anasubiri debe lingine kilo zake zinapungua, alafu jioni msimamizi anamwandika mvivu.