Cool Water au Asad: Namna ya Kuchagua Manukato ya Kiume ya Bei Nafuu Unguja

Mwanamme mwenye fedha za chupa moja tu, anayesita kati ya Cool Water ya Davidoff na Asad ya Lattafa, kwanza aelewe kwamba hayo ni manukato ya tabia mbili tofauti kabisa. Cool Water, iliyotungwa na Pierre Bourdon na kutolewa mwaka 1988, ina ubaridi wa mnanaa na lavenda. Asad ilitoka mwaka 2021 katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Huanza kwa pilipili manga na tumbaku, kisha ikatulia katika vanila na kaharabu. Aliyekulia karibu na mashamba ya viungo ya Kizimbani ataitambua pilipili manga hiyo mara moja, ingawa kitakachobaki nguoni hadi usiku ni vanila.

Usiamue kwa kunusa kikaratasi dukani, kwani dakika za mwanzo huonesha tu harufu nyepesi zinazoruka upesi. Pulizia Cool Water kwenye kifundo cha mkono mmoja na Asad kwenye cha mwingine, karibu na mshipa, usisugue, kisha toka sokoni Darajani ukaendelee na shughuli zako juani. Nusa baada ya robo saa, tena baada ya saa mbili, na mara ya mwisho kabla ya magharibi. Usijaribu ya tatu siku hiyo, wala usiende ukiwa umejifukiza udi, kwa sababu pua iliyochoka haitofautishi.

Jambo la kupimwa zaidi ni joto. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Disemba hadi Machi, ngozi yenye joto huyarusha manukato kwa nguvu, na utamu wa Asad, ambayo ni Eau de Parfum, yaani yenye mafuta mengi ya harufu, unaweza kuwachosha walio karibu nawe ndani ya daladala au katika safu ya sala ya Ijumaa. Cool Water ya kawaida ni Eau de Toilette, yenye mafuta machache zaidi, hivyo haiwaelemei wengine, lakini huisha mapema na itabidi uirudie mchana. Kwa kanzu iliyofukizwa udi, hata hivyo, Asad hukubaliana na moshi, ilhali ubaridi wa Cool Water, kwa maoni yangu, hugombana nao. Vyovyote iwavyo, pulizia ngozini, si kwenye kanzu nyeupe, isije ikaingia doa.

Kabla ya kulipa, linganisha namba iliyopigwa chini ya chupa na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, irudishe, hata bei ikiwa ya kuvutia.

Anayeshinda kazini mchana na kupanda daladala achukue Cool Water. Asad inamfaa mwenye harusi na mialiko ya usiku, naye apulize mara mbili tu.