SOMO: Kugeuza shamba kuwa kituo cha mazoezi ya farasi wa mbio

Wengi wakishapata shamba hukimbilia kujenga mabanda. Nawasihi muanze na ardhi, maana banda bovu hurekebishika, mguu wa farasi ukivunjika mara nyingi ndiyo mwisho wake.

1. Safisha shamba. Ng'oa seng'enge yote. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, na waya humchana hadi mfupa. Weka uzio wa mbao. Okota misumari na vyuma chakavu, kisha chanja farasi wote dhidi ya pepopunda, kwani huwapata kirahisi sana.

Halafu ghala. Hapa nasisitiza: chakula cha ng'ombe au kuku kilichobaki kitoke chote, na vyombo vioshwe. Baadhi yake huwa na monensini, dawa isiyomdhuru ng'ombe lakini huharibu moyo wa farasi, hata kwa kiasi kidogo.

2. Njia ya kukimbilia. Fedha nyingi ziende huku. Chimba, weka mifereji, kisha kokoto, kitambaa cha kuchuja, na juu mchanga safi uliochanganywa na nyuzi. Maji yakituama, sehemu moja huwa laini na nyingine ngumu, na farasi anayebadilishiwa ardhi kila hatua huumia kano. Kona ziwe pana. Kama shamba lina mteremko, una bahati: kupanda kilima hujenga moyo na mapafu bila kulazimisha kasi kubwa.

3. Mabanda. Zizi la ng'ombe linafaa likifunguliwa hewa. Farasi hupumua kwa pua pekee, hivyo vumbi na ukungu wa majani makavu humpunguzia mbio moja kwa moja. Usihifadhi majani juu ya vichwa vyao. Chumba kimoja kiwe mita 3.6 kwa 3.6, mlango mita 1.2, na sakafu ya saruji ifunikwe mikeka ya mpira.

4. Mengineyo. Jenga chumba cha karantini mbali na vingine. Farasi mgeni akae humo wiki 3. Leseni ya ukufunzi iombwe mapema kwa mamlaka ya mbio.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, lazima niuze ng'ombe wangu?*
Hapana. Wakipokezana malisho na farasi, ng'ombe humeza minyoo mingi ya farasi na ikafia tumboni mwao. Ila maghala yawe mawili, na ufunguo wa lile la ng'ombe ubaki kwa mtu mmoja.

*Njia ikikamilika, naanza mbio kesho yake?*
Subiri mvua kubwa ipite uone maji yanakokwenda. Kisha anza kwa kutembeza na mchapuo mdogo, huku ukiisawazisha njia kila siku kwa haro, yaani reki kubwa ya kukokotwa.

*Matandiko: nyasi au maranda?*
Mimi huchagua maranda yaliyochekechwa vumbi. Muulize fundi seremala ni ya mti gani. Ya walnati nyeusi huwasha kwato kwa ndani, na farasi anaweza kuanza kuchechemea ndani ya siku moja.