Usifungue mtego kabla hujaangalia ukutani: jinsi ya kurekodi nondo wa manyoya bustanini

Mtu akiniambia mtego wake wa taa haumpi nondo wa manyoya hata mmoja, huwa namuuliza swali moja tu, ulichek nje ya mtego? Maana wengi wetu tukiamka tunakimbilia boksi, tunafunua, tunahesabu wale wakubwa wenye rangi zao, tukimaliza tunaenda kunywa chai, na huyo wa manyoya muda wote yuko pale ukutani hatua moja kutoka kwenye taa, kakaa kama kijiti cha nyasi kavu na hakuna aliyemwona.

Mi niko Leicester, bustani yangu ni ile ya nyuma ya nyumba, ukitandika mikeka kumi umeimaliza. Naandika kwa ajili ya sisi tulioko Uingereza ambao tumekulia kule ambako nondo tulimjua kwa kuzunguka globu ya barazani mpaka anaungua, basi, hatukuwaza kwamba kuna mtu anakaa kumwandika kwenye daftari. Huku wapo, tena wengi, na madaftari yao ndo yanayotumika kujua nondo gani anaongezeka na yupi anapotea.

Nondo wa manyoya ni jina nalotumia mimi, kitaalamu familia yao inaitwa Pterophoridae, na Uingereza wapo aina zaidi ya 40. Karibu wote mabawa yao yamechanika, la mbele limepasuka vipande viwili, la nyuma vitatu, na kila kipande kina nywele pembeni kama unyoya wa kuku. Akitua anakunja ya nyuma anayaficha chini ya ya mbele, anayanyoosha huku na huku, anakuwa herufi T, au ile antena ya TV ya zamani iliyokuwa juu ya bati. Miguu mirefu, myembamba, ina miiba miwili miwili. Ukihesabu vipande vya upande mmoja unapata vitano, na hapo ndo utaelewa kwa nini Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, mwaka 1758 aliwapa majina ya vidole, pentadactyla ni vidole vitano, monodactyla kidole kimoja, na waliomfuata wakaendeleza mchezo huohuo, sasa wengi wao majina yanaishia na dactyla au dactylus. Kuna pentadactyla na kuna pterodactyla, na simu yako haijui tofauti, itakusahihishia kimyakimya. Kwa hiyo kwenye daftari mi naandika jina pamoja na namba yake ya orodha ya Uingereza, Pterophorus pentadactyla ni 45.030, Emmelina monodactyla ni 45.044, jina likikosewa namba inakuokoa.

Kuhusu mtego, usinunue wa gharama mwanzoni. Watu wengi wanatumia ule wa Skinner, boksi lenye vioo viwili vya plastiki vilivyolala kama paa lililogeuzwa, katikati kuna mwanya mwembamba na taa iko juu yake, nondo anagonga, anateleza, anaingia. Mi nilianza na ndoo ya lita 20, faneli kubwa juu, taa ya aktiniki, ile ya mwanga wa bluu unaovuta wadudu, ya wati 20, ndani nikajaza trei za mayai wapate pa kujificha. Hizo trei ni muhimu kuliko unavyodhani, nondo asipopata kona ya kujibanza anapigapiga mabawa usiku kucha mpaka asubuhi unamkuta kachakaa, na huyu wa manyoya akichakaa hatambuliki tena. Zipo taa za zebaki za wati 125 ambazo zinavuta wadudu wengi zaidi, ila zinamulika mtaa mzima na zinachemka vibaya, tone la mvua likidondokea globu inaweza kupasuka. Kwa nyumba zilizobanana usijaribu. Mi na hiyo aktiniki yangu tu jirani alinifata kwa upole kuniuliza kile kimwanga cha bluu nafuga nini, nikajua kabisa anawaza bangi, nikamwita aje aone, siku hizi ananiletea nondo kwenye kikombe.

Umeme wa nje tumia swichi ile inayojikata yenyewe hitilafu ikitokea, na maungio ya waya yasikae kwenye majani yenye umande. Hapo sina mjadala.

Usiku mzuri ni wa joto, mawingu, upepo umetulia. Sasa nondo hawa wengi wanaanza kuruka mapema kabisa giza linapoingia, na kuruka kwao ni kwa kivivu, wanaelea elea kama mbu mkubwa, wakifika karibu na mwanga wanatua kwenye kitu cha kwanza wanachokuta. Ndo maana hawaingii ndani. Mi natandika shuka jeupe chini ya mtego, na mtego wenyewe nauweka mita moja tu kutoka ukutani ili ukuta nao ufanye kazi. Juni huku jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, nawasha, baada ya saa nzima natoka na tochi nazunguka: ukutani, kwenye shuka, fremu ya dirisha, uzio, chini ya majani ya karibu. Raundi hiyo moja inanipa nondo wa manyoya wengi kuliko mtego wenyewe asubuhi, sitanii.

Asubuhi ndo kuna mtihani. Jua la Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja, na kuna kandege kenye kifua chekundu ambako kameshajua ratiba yangu kuliko mke wangu, ukichelewa unakuta ukuta umesafishwa, zimebaki mbawa mbili tatu chini. Kwa hiyo saa kumi na kitu niko nje na koti juu ya nguo za kulalia. Kwanza ukuta, halafu nje ya ndoo pande zote, halafu shuka, mwisho kabisa ndo nafunua na kutoa trei moja moja, nageuza taratibu, naangalia pande zote mbili.

Ukimwona usimshike kwa vidole. Miguu yake inakatika kirahisi mno na ile miguu utaihitaji kumtambua. Chukua kikopo cha plastiki cheupe kinachoonyesha ndani, mfunike nacho palepale alipotua, pitisha kipande cha karatasi chini yake, geuza, funga. Akiwa mkorofi muweke kwenye friji, sio friza, nusu saa hivi, atatulia umpige picha. Mpige kwa juu mabawa yote yaonekane, halafu mpige kwa pembeni kichwa kionekane na vile vidude viwili vinavyochomoza mbele ya uso, na weka rula kwenye picha. Ukimaliza muachie kwenye majani mazito mbali na kale kandege.

Wa kuanza nao kujifunza ni wanne. Mweupe pe, mkubwa kuliko wenzake, mabawa yakikunjuliwa yanafika kama milimita 30, huyo ni Pterophorus pentadactyla, anatoka zaidi Juni na Julai, huwezi kumkosea hata ukiwa na usingizi. Wa pili ni Emmelina monodactyla, rangi ya majani makavu, wengine kahawia wengine karibu na maziwa, mabawa kayasokota membamba kama uzi, mgongoni ana mstari mweupe weupe wenye vialama vyeusi vya mpangilio. Hawa wawili viwavi wao wanakula ule mmea unaotambaa wenye maua meupe ya tarumbeta ambao wenye bustani huku wanauchukia kama deni. Mi mara ya kwanza kuuona nilisimama, maana ua lile nalijua, ni la matembele! Na kweli ni ukoo mmoja na kiazi vitamu. Uzio wangu wa nyuma nimeuacha utambae, mke kanuna kidogo, ila nondo ninao.

Wa tatu Amblyptilia acanthadactyla, kahawia nyekundu yenye madoa, bawa la mbele lina pembetatu nyeusi ukingoni, mabawa mapana kidogo, hayasokoti kama Emmelina. Zamani alikuwa wa kubahatisha, siku hizi anaonekana bustani nyingi. Tatizo ana pacha wake, punctidactyla, ambaye ni wa kijivujivu zaidi na madoa meupe yaliyokolea, kwa hiyo hapo picha nzuri ni lazima. Wa nne sio ndugu yao kabisa, Alucita hexadactyla, kila bawa limepasuka vipande sita, anakaa kajitandaza kama upepeo. Ana mabawa manne, zidisha, manyoya 24, halafu Waingereza kwa lugha yao wanamwita wa manyoya 20, sijui nani aliyehesabu. Yeye ana familia yake, usimchanganye kwenye jumla ya Pterophoridae.

Kuna kundi la Stenoptilia, hapa nikuonye kwa yaliyonikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilipata mmoja, kahawia, ana nukta mbili kwenye bawa, nikafungua kitabu, nikaona picha inafanana, nikatuma kwa kujiamini kabisa Stenoptilia bipunctidactyla, na picha yenyewe ya ukungu. Mrekodi wa kaunti, yule anayekagua rekodi za nondo za eneo letu, akanijibu kistaarabu akiuliza kama nondo mwenyewe bado ninaye. Sikuwa naye. Kumbe kuna aina kadhaa zinazofanana mno kwa nje, na kuwatenganisha kwa uhakika ni mpaka mtaalamu apasue na kuangalia viungo vya uzazi kwa hadubini. Rekodi ikashushwa ikaandikwa kundi tu. Siku hizi najishusha mwenyewe, naandika "Stenoptilia, kundi la bipunctidactyla" nalala usingizi wangu. Rekodi ya kundi iliyo sahihi ina faida, jina kamili la kubahatisha linaharibu ramani.

Rekodi yenyewe ina mambo manne ambayo likikosekana moja hamna rekodi: nani huyo nondo, wapi, lini, na nani kamwona. Kwenye wapi tumia namba za gridi za ramani za Uingereza, tarakimu sita zinamaanisha eneo la mita 100 kwa 100, zinatosha sana. Pia utaulizwa namba ya kaunti ya wanabiolojia, ambayo sio kaunti ya serikali. Kuna bwana Watson, mtaalamu wa mimea, mwaka 1852 aliigawa Britania na mipaka hiyo haijahama hata serikali ipangue kaunti zake mara ngapi, ndo uzuri wake, unaweza kulinganisha rekodi ya leo na ya babu zao. Ziko 112, mi niko 55, Leicestershire na Rutland pamoja. Kwenye lini, andika tarehe ya jioni uliyowasha taa, hata kama ulimkuta alfajiri ya siku ya pili, hili linawavuruga wengi. Kisha idadi, na njia: aktiniki wati 20, au ukutani karibu na taa. Mi nawatenga wa ndani na wa nje, maana nikiwachanganya mwakani sitajua kama nondo wameongezeka au macho yangu ndo yameongezeka.

Unatuma kwa mrekodi wa kaunti yako, kwa spredishiti au kupitia iRecord, tovuti ya kutumia rekodi za viumbe, yeye anakagua, na kutoka hapo zinakwenda kwenye mpango wa taifa wa rekodi za nondo ambao Butterfly Conservation, shirika la kuhifadhi vipepeo na nondo, waliuanzisha 2007. Ukitaka nidhamu zaidi kuna Garden Moth Scheme, mpango wa kuhesabu nondo bustanini, unatega usiku mmoja kila wiki kuanzia Machi hadi Novemba, taa ileile sehemu ileile, na usiku ukipata sifuri unaandika sifuri.

Na usifunge daftari Novemba ikifika. Emmelina huyu wa majani makavu anavuka baridi akiwa mpevu, Januari iliyopita nilikuwa naosha vyombo usiku nikamwona kwenye kioo cha dirisha la jikoni kwa nje, T yake imenyooka, nje kuna nyuzi 8 na manyunyu. Sikuwasha mtego wowote. Nikafuta mikono nikaandika: 45.044, mmoja, dirishani, taa ya jikoni.