Spika za Mbele za Gari: Sauti Kubwa Isiyokwaruza

Wengi wakitaka sauti zaidi hukimbilia kununua spika mpya, na hapo ndipo pesa hupotea. Spika ya mlangoni ikikwaruza, mara nyingi imeonewa tu. Ama redio imesukumwa kupita uwezo wake, ama spika inalazimishwa kubeba besi isiyoiweza, ama mlango umejaa matundu. Anza na hayo, amplifaya ije baadaye.

Redio nyingi zimeandikwa usoni 50W x 4. Hizo ni wati za kilele. Redio inayokula umeme wa volti 12 za gari hutoa wati 20 hivi zilizo safi kwa kila spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika). Ukizidisha hapo, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa: makelele yanaongezeka, muziki hauongezeki, na twita (spika ndogo ya milio ya juu) huungua kwanza.

Angalia pia muziki unatoka wapi. Modyuleta ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti hupitisha sauti kwa FM, na FM haivuki 15 kHz. Milio laini ya juu inaishia njiani. Tumia USB, Bluetooth ya redio yenyewe au waya wa AUX. Nyimbo zilizobanwa hadi 64 kbps hakuna fundi atakayezisafisha.

Ondoa besi kwenye spika za mlangoni

Hii ni bure na ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko zote. Ingia kwenye menyu ya redio, tafuta HPF (kichujio kinachozuia besi na kupitisha sauti za juu), weka 80 Hz. Kwa spika zilizokuja na gari weka 100 Hz. Ukipewa nafasi ya kuchagua mteremko, yaani ukali wa kukata besi chini ya hapo, chukua 12 dB (dB ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Koni ikiacha kuruka kwa besi nzito, sauti za waimbaji na gitaa zinatulia, nawe unaweza kupandisha sauti ngazi kadhaa kabla ya kusikia mkwaruzo. Zima Loudness na Bass Boost. Kupandisha 60 Hz kwa 6 dB kunadai nguvu mara nne kwenye masafa hayo, nguvu ambayo redio haina.

Redio isiyo na HPF, funga kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi, maikrofaradi 330 au 470, volti 50 au zaidi, kwenye waya wa chanya wa kila spika. Kwa spika ya omu 4, ya 470 hukata takriban 85 Hz na ya 330 takriban 120 Hz. Mteremko wake ni wa taratibu, lakini unasaidia.

Ziba mlango

Koni husukuma hewa mbele na nyuma. Hewa ya nyuma ikipenya kwenye matundu ya bati la ndani, hukutana na ya mbele na besi ya katikati hufutika. Nailoni iliyobandikwa kiwandani huzuia maji, haizuii sauti.

Fungua skrubu zilizojificha nyuma ya kitasa na swichi za vioo, kisha vuta kava klipsi zitoke. Safisha bati kwa spiriti. Bandika shiti za butili zenye uso wa alumini, unene wa milimita 2, kwenye bati la nje nyuma ya spika; kufunika theluthi moja hadi nusu kunatosha. Matundu makubwa ya bati la ndani yafunike kwanza kwa bati jembamba la alumini, kwa sababu butili peke yake hulegea na kutetemeka. Usitumie lami ya kuezekea hata ukiahidiwa bei nzuri: jua la mchana huiyeyusha, na harufu hubaki ndani ya gari. Usizibe matundu ya chini ya mlango, maji ya mvua hutokea hapo.

Spika ikae kwenye ringi ngumu ya plastiki, na sponji izibe mwanya kati ya spika na kava. Shusha kioo hadi mwisho kabla ya kurudisha kava. Sumaku ndefu hugonga kioo.

Hakikisha chanya na hasi hazijapishana. Chomoa spika, gusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, chanya kwa chanya: koni za pande zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, geuza nyaya zake. Kosa hili dogo ndilo huwafanya watu walaumu spika kwamba hazina besi.

Ikibidi, amplifaya

Wati maradufu huongeza 3 dB tu. Kwa hiyo tafuta amplifaya ya wati 50 hadi 75 za RMS (wati za kudumu, si za kilele) kwa kila spika, na spika zinazoweza kuzipokea. Ukinunua spika, soma unyeti, yaani sauti inayotolewa kwa wati 1: ya 90 dB ikilinganishwa na ya 87 dB ni sawa na kuongezewa wati mara mbili. Ila kama kipimo kimechukuliwa kwa volti 2.83 kwenye omu 4, punguza 3, maana hizo ni wati 2, si 1.

Toa terminali hasi ya betri kabla ya kugusa kitu. Waya wa umeme uwe wa shaba, unene wa 8 AWG. Kwangua uzi mmoja. Ukionekana mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Waya wa ardhi usizidi nusu mita, ufungwe kwenye bati la bodi lililokwanguliwa rangi. Nyaya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya) pitisha upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme.

Gaini, kirekebishi cha amplifaya kinacholinganisha nguvu yake na redio, haipimwi kwa sikio. Chomoa spika, laza ikwalaiza yote kwenye sifuri, weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake, cheza mlio wa 400 Hz uliorekodiwa kwa 0 dB. Multimita ikiwa kwenye AC, pima matokeo ya amplifaya na pandisha gaini taratibu. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili (square root): wati 50 kwa omu 4 ni volti 14.1. Ikifika hapo, acha. Hapo umeshaujua mwisho wa redio yako. Usipitishe robo tatu hiyo.

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini karibu kila mara ni ardhi mbovu. Kwangua upya, kaza nati, kabla ya kununua kichujio chochote. Mluzi ukinyamaza baada ya kuchomoa RCA kwenye amplifaya, unaingia kupitia nyaya hizo au redio: kagua ardhi ya redio.