Kabla ya Kukubali Kazi ya Jikoni, Stoo au Lango la Shule ya Umma Nchini Kenya

Anayetafuta kazi ya upishi, ulinzi, ukarani, umatroni au utunzaji wa stoo katika shule ya umma nchini Kenya hana budi kufahamu kwanza mwajiri wake ni nani. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, huajiri walimu peke yao. Wafanyakazi wengine, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, huajiriwa na kulipwa na Bodi ya Usimamizi ya shule. Barua ya maombi basi huandikiwa katibu wa bodi, ambaye ni mkuu wa shule, na huambatishwa nakala za kitambulisho, vyeti vya masomo na cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Mpishi huongeza cheti cha afya cha wanaoshughulikia vyakula, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6.

Ukikubaliwa, omba mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ajira ya miezi 3 au zaidi iandikwe, lakini wengi huingizwa shuleni kama vibarua, miaka ikapita wakiitwa hivyo hivyo, ilhali sheria hiyo haimruhusu mwajiri kumweka mtu katika ukibarua usio na kikomo: aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anastahili kutendewa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, pamoja na kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Soma pia kipengele cha likizo, ambayo haipungui siku 21 za kazi kwa mwaka. Wanafunzi wanapofunga shule, mlinzi ndiye anayehitajika zaidi, kwa hiyo afadhali tarehe za likizo yake zikubaliwe mapema.

Ujiandae kwa mishahara inayochelewa. Sehemu yake hutoka katika mgao ambao serikali hutoa kwa kila mwanafunzi, na katika sekondari mgao huo hugawanywa kwa mihula mitatu; ukichelewa, jikoni na langoni ndiko huumia kwanza.

Katika stoo, usitie sahihi hati ya mzabuni kabla ya kupima mzigo mwenyewe, kwa maana gunia lililoandikwa kilo 90 likipungua baada ya sahihi yako, upungufu huo ni wako. Usitoe hata kilo moja ya maharagwe kwa ujumbe wa mdomo, awe aliyetumwa ni mwanafunzi au naibu wa mkuu mwenyewe. Atakayekasirika leo hatakuwepo wakaguzi wa hesabu watakapokuja.

Weka nakala za hati za malipo nyumbani, si katika kabati la shule, na ukague kama makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yanafika. Yasipofika, mwone mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, hoteli, shule na hospitali, au afisa wa leba wa kaunti, bila kungoja, kwani madai ya ajira kwa kawaida hayapokelewi mahakamani baada ya miaka 3.